Naomba ushauri: ofisi nyingine inataka majina ya wasichana wa kliniki yetu

Wakuu heshima kwenu, wengine habari za kazi.

Niko masjala ya kituo kimoja cha afya hapa Tanzania. Juzi ofisi nyingine ya serikali, inayofuatilia watoto walioacha shule, ilituletea barua. Wanataka orodha ya wasichana wa chini ya miaka 18 waliohudhuria kliniki ya wajawazito tangu Januari: majina, mtaa, simu ya mzazi (na wengine mzazi hajui kabisa). Chini wameongeza kwa kalamu, "tuma WhatsApp, ni haraka." Muhuri upo, kifungu cha sheria hakuna.

Sidhani nia yao ni mbaya. Ila rejista yetu, mstari huohuo wa jina, ina safu ya majibu ya VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Nilipendekeza tuwape idadi tu kwa kila mtaa, wakakataa. Bosi naye anasema, "Wote ni serikali, toa tu." Ikivuja, nitakayeitwa ni mimi.

Kwa wanaoijua sheria hii: barua ya namna hiyo inatosha kutoa majina bila ridhaa? Na je, tukiwauliza mabinti wenyewe wakija kliniki, tukapeleka waliokubali tu, ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 inahesabika?

Wananitaka nijibu Ijumaa.