Bima ya gari: wakati wa kulipa Tanzania ni moja, wakati wa kulipwa kuna Dar na kuna "huko mikoani"

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hili jambo tangu mwaka jana, leo limenishinda. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Mimi nakaa Kimara hapa Dar, kazi yangu iko Posta, natembelea IST. Baba yangu ni mstaafu, yuko Makambako mkoani Njombe, naye ana IST, ya mwaka uleule, rangi tu ndiyo tofauti. Bima za magari yote mawili nalipia mimi. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kampuni moja, wakala mmoja, na zinaisha wiki moja. Magari yote yamethaminiwa milioni 12. Kwa hiyo kila mwaka naletewa ankara mbili kama mapacha: 3.5% ya milioni 12 ni 420,000, weka VAT 75,600, jumla 495,600. Kimara 495,600. Makambako 495,600.

Sasa tazameni hayo magari yanavyoishi.

La kwangu linatoka nyumbani saa 11 alfajiri, linaingia Morogoro Road, linabanana na daladala, malori, bajaji, na bodaboda anayepita kushoto na kulia kwa wakati mmoja kama ana roho ya akiba. Jioni linarudi hivyo hivyo. Vioo vya pembeni vimeng'olewa mara mbili, mara ya pili nilikwenda kununua spea Ilala na mpaka leo naamini niliuziwa vioo vyangu mwenyewe. Bampa ya nyuma imebusiwa na bajaji pale Manzese. Mvua ikinyesha naomba Mungu Jangwani pasifungwe. Usiku linalala nje ya uzio kwa sababu nyumba ya kupanga ina nafasi ya magari mawili na wapangaji tuko watano.

La Mzee linakwenda kanisani Jumapili. Linakwenda sokoni. Mara moja moja linakwenda Njombe mjini kwenye kliniki ya presha. Linalala ndani ya ukuta, kuna mbwa wawili, na kuna Mzee mwenyewe ambaye tangu astaafu usingizi umemkimbia, paka akiruka ukuta yeye anajua. Kwa mwaka mzima halikufika kilomita 4,000. Mimi hizo nazimaliza kwa miezi mitatu.

Ukweli usemwe: kwenye jambo hili mzigo ni mimi. Mzee anachangia vioo vyangu vya Ilala. Wana Dar wenzangu mtanilaani, lakini ndivyo ilivyo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ile fomu. Mnaikumbuka fomu ya kuombea bima? Kuna mahali wanauliza gari linalala wapi usiku. Mwaka wa kwanza nilijaza kwa unyenyekevu kabisa: "Makambako, ndani ya ukuta, geti la chuma." Nikaona hapa wataalamu watapiga hesabu zao. Ankara ikaja ileile. Nikaenda ofisini kwao hapa mjini kumuuliza dada wa mapokezi.

"Kaka, mfumo unaweka thamani ya gari na aina ya matumizi. Hiyo ya mkoa haimo."

"Sasa dada, mbona mnaiuliza?"

"Ni fomu tu hiyo, kaka."

Ni fomu tu.

Najua mtaniambia viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima nchini, na kampuni haiwezi kushuka chini yake. Najua. Ndiyo maana hata bima ndogo, ile ya kuwalipa wengine tu, ni 100,000 na VAT yake, ile 118,000 ambayo kila mwenye gari binafsi anaijua kama namba ya simu ya mke wake, uwe Masaki au Namanyere. Na sababu ya kuweka sakafu naielewa: kampuni zikigombania wateja kwa kushusha bei hovyo, siku ya madai hazina pesa ya kulipa. Sawa. Lakini sakafu moja kwa nchi nzima maana yake mtu amekaa akasema hatari ya Kariakoo na hatari ya Makambako ni kitu kimoja. Serikali yenyewe haiamini hivyo. Polisi wameipa Dar Kanda Maalum, ndani yake mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Sensa ya 2022 ilikuta Dar ina watu 5,383,728, mkoa mzima wa Njombe watu 889,946. Sasa chukua hao milioni tano wa Dar, wabane kwenye mkoa mdogo kuliko yote ya Bara, halafu useme uwezekano wa kugongana ni uleule.

Hesabu ya bima si uchawi. Madai yanatokea mara ngapi, na kila dai linagharimu kiasi gani. Zidisha, ongeza gharama za ofisi na faida, hiyo ndiyo bei. Mahali penye magari mengi wanagongana zaidi. Mahali penye vibaka, vitu vinanyofolewa zaidi. Mahali ambapo fundi, hospitali na wakili ni ghali, dai moja linavimba. Ndiyo sababu nchi nyingine bei inapanda na kushuka kwa kufuata ramani.

Ujerumani wanagawa nchi kwa wilaya za usajili wa magari, zinapita 400, na kila mwaka chama cha kampuni za bima kinatangaza kila wilaya iko daraja gani. Bima ya kuwalipa wengine ina madaraja 12, bima kubwa ina 9, yote kwa kuangalia madai yaliyotokea kweli. Berlin iko juu kabisa, wilaya za shamba ziko chini. Mtu akihamisha gari, bei inahama naye.

Mdogo wangu yuko Marekani. Alikuwa Detroit, akahamia mji mdogo jimbo la Ohio, gari lilelile, dereva yuleyule mwenye haraka, bima ikashuka mpaka akadhani wamekosea. Hawakukosea. Michigan kwa miaka mingi sheria ilitaka bima ya gari imlipie majeruhi matibabu bila kikomo, maisha yake yote. Ni jambo jema hilo, lakini lina bei, na Detroit ndiyo iliyolibeba zaidi. Mwaka 2019 wakabadilisha sheria, na kuanzia Julai 2020 mtu anachagua mwenyewe kiwango cha matibabu anachotaka kulipia. Kwa hiyo si ajali peke yake inayoleta tofauti, hata sheria ya jimbo inaweza.

Na kabla hamjaniambia naabudu ya wazungu, hata huko watu wamelia. Mtu maskini mwenye leseni safi anatozwa zaidi kwa sababu tu mtaa wake una wezi, kama vile yeye ndiye aliyewazaa. California walipiga kura mwaka 1988 wakasema bei itazame kwanza rekodi ya dereva, halafu maili anazotembea kwa mwaka, halafu miaka ya uzoefu. Hiyo mimi ingenitosha. Usiangalie hata mkoa, angalia kilomita! Afrika Kusini bima ya majeruhi wa barabarani inakatwa kwenye mafuta, kila lita ina tozo yake. Anayetembea sana anachangia sana, anayekwenda kanisani tu anachangia kidogo, wala hakuna fomu ya kujaza.

Lakini wakuu, yote hayo ningeyameza. Ningesema sawa, sisi ni ndugu, wa Njombe amsaidie wa Dar, kesho wa Dar atamsaidia wa Njombe. Mzee wangu ni mtu wa enzi za Ujamaa, ukimwelezea hivyo anaitikia kwa kichwa. Kilichonivuruga ni mwaka jana.

Ng'ombe wa jirani alikatiza barabara, Mzee akakwepa, gari likaingia mtaroni. Yeye mzima, namshukuru Mungu. Boneti, redieta na taa ya kushoto vikaenda. Trafiki akaja, ripoti ikaandikwa siku ileile, mimi nikiwa Dar nikapigia simu kampuni walete asesa, yule mtu wao wa kukagua hasara. Majibu: "Kaka, asesa wetu wa kanda yuko Mbeya. Akipata safari ya upande huo atapita."

Akipata safari.

Siku 19. Gari la watu likakaa siku 19 limefunikwa turubai, likisubiri mtu apate safari. Asesa alipofika alipiga picha sita, akauliza kama kuna chakula karibu, akaondoka. Kisha tukaambiwa gereji wanayoitambua iko Mbeya, au tulilete Dar. Fundi wa Makambako ambaye amelihudumia lile gari tangu linunuliwe hayumo kwenye orodha. Bredauni mpaka Mbeya wakalipa sehemu, iliyobaki 280,000 akatoa Mzee kwenye pensheni yake, na hakuniambia mpaka Krismasi. Tangu ajali mpaka gari kurudi ni wiki saba.

Linganisheni na lile busu la bajaji Manzese. Nilipiga simu asubuhi, mchana asesa alinikuta gereji Tabata, fundi hata chai hajamaliza. Siku nne gari liko barabarani.

Kumbe mkoa wanaujua! Siku ya kuchukua pesa mfumo hauna sehemu ya mkoa. Siku ya kulipa, mkoa unaonekana vizuri sana, una umbali, una "kanda", una "akipata safari". Nilipomuuliza dada yuleyule kwa nini Mzee amechelewa hivyo alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka si unajua tena, huko mikoani." Nikamwuliza, na ile 495,600 ilitoka wapi kama si huko mikoani? Akacheka. Si mtu mbaya, wala hakuandika yeye huo mfumo.

Ninachotaka si kikubwa. Kama bei ni moja basi huduma iwe moja: siku za asesa kufika ziandikwe kwenye mkataba, zikipita mteja apige picha na fundi wa karibu akadirie. Kama hilo haliwezekani kwa sababu Makambako ni mbali, basi umbali huo uonekane kwenye ankara ya Mzee. Wachague moja.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini amenijibu kwamba mikoani ajali ni chache lakini zikitokea ni nzito, na Makambako yenyewe iko kwenye barabara kuu ya malori ya Tunduma na Zambia. Mkuu una hoja, nimeisoma mara mbili. Dar tunakwaruzana kwa sababu foleni haituruhusu kukimbia. Kule lori likikupata kwenye mteremko hakuna cha bampa, hasara ni gari zima na watu ndani. Inawezekana kabisa hesabu ikipigwa kwa haki Mzee aambiwe anastahili kulipa sawa na mimi, au hata zaidi. Basi ipigwe, watoe madai ya kila mkoa tuyaone. Nikikuta nimekosea nitarudi hapa kwenye uzi huu huu niombe radhi. Ila hilo la lori halielezi zile siku 19.

Na wewe uliyesema nihamie bima ndogo niache kelele: bima ndogo ingemlipa jirani kama Mzee angemgonga ng'ombe. Redieta ingebaki ya Mzee.

Bima zote mbili zinaisha Ijumaa. Ya kwangu nitalipa, sina ujanja na Morogoro Road. Ya Mzee bado sijaamua. Mlioko mikoani naomba kitu kimoja, bila kutaja kampuni, wasije wakafuta uzi: andika mkoa wako na siku ulizosubiri asesa. Naanza mimi. Njombe, 19.