Taa ya bibi yenye kichwa cha shaba: nitaijuaje chemni (kioo cha kukinga mwali) yake?

Mjukuu wa Ujiji

Shikamooni wakubwa zangu. Nimerithi kwa marehemu bibi, hapa Ujiji, taa ya mezani ya mafuta ya taa ambayo tungi lake ni la kioo kizito na kichwa chake, yaani sehemu inayoshika utambi, ni cha shaba ya njano. Utambi wake ni bapa na mpana unapoingizwa kwa chini, lakini ukifika juu hutokea umejikunja duara. Kwenye kifundo cha kupandishia utambi nimesoma, kwa taabu, neno KOSMOS. Chemni ya awali ilivunjika zamani, na muuzaji mmoja wa Kigoma mjini ameniuzia nyingine akiapa kuwa ni ya "taa ya Mjerumani", kumbe ikikaa ndani ya meno ya kichwa yanayoishikilia inacheza kama jino la mtoto. Naomba kuelekezwa namna ya kutambua chemni inayofaa, na kama taa hii kweli ni ya Kijerumani.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Marahaba, mjukuu wangu. Anza na kichwa, wala usianze na tungi, kwa sababu matungi na vichwa vilibadilishanwa sana na wenye nyumba waliotaka mwanga tu. Kichwa cha Kosmos kilibuniwa Berlin katika miaka ya 1860 na kampuni ya Wild & Wessel, na alama yake kuu ni hiyo uliyoieleza mwenyewe, yaani utambi bapa unaofungwa kuwa duara huku hewa ikipanda katikati yake. Hata hivyo jina hilo lilitumiwa pia na watengenezaji wengine, kwa hiyo neno KOSMOS pekee hukujulisha aina ya kichwa, si aliyekitengeneza. Ungeona tambi mbili bapa zilizosimama sambamba, hapo tungezungumzia Duplex ya Hinks wa Birmingham, Uingereza, ya mwaka 1865, na chemni yake ni nyingine kabisa.

Sasa tafuta namba kwenye kichwa, kama vile 8, 10 au 14, yenye vistari vitatu vidogo pembeni. Hiyo ni hesabu ya "ligne", kipimo cha kale cha Kifaransa chenye takribani milimita 2.26. Wengi hukosea hapa: huzidisha 14 kwa 2.26, wakapata karibu milimita 32, wakaenda kutafuta chemni ya kitako hicho. Namba hiyo ni ya kichwa, si ya kitako cha chemni. Kichwa cha 14 huhitaji kitako cha milimita 52 au 53 hivi, na cha 10 huhitaji kama 39 au 40. Kata duara la boksi gumu, ulipunguze taratibu mpaka likae ndani ya meno bila kulazimishwa wala kupwaya, kisha upime duara hilo kwa rula. Aidha, chemni ya Kosmos ina kiuno, nacho kinapaswa kukaa juu kidogo ya mdomo wa utambi ili kuisukuma hewa kwenye mwali.

Kuhusu "taa ya Mjerumani", wauzaji wetu hukiita hivyo kila kilicho na kutu. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji wakaichukua Tabora mwaka 1916, kisha akaja Mwingereza, na taa ziliendelea kuuzwa madukani katika vipindi vyote hivyo, kwa hiyo jina hilo pekee halithibitishi kitu.

Fundi Bati wa Ng'ambo

Ninaafikiana na mzee, isipokuwa niongeze habari za tungi. Angalia kola ya shaba inayoshikilia kichwa. Mara nyingi imegandishwa kwa jasi, na ikilegea usiitie gundi ya kisasa, bali ondoa jasi ya zamani na uweke mpya, ili siku nyingine iweze kufunguliwa. Kama kioo kina rangi ya kijani-njano, kimulike gizani kwa kile kitaa cha zambarau ambacho wakala wa fedha hukagulia noti. Kikiwaka kijani kikali, yaelekea kina urani, madini yaliyotiwa kwenye kioo ili kukipa rangi. Shaba nayo isugue kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Fundi, hapo kwenye ndimu nakupinga. Maandishi ya kifundo yamekwisha kulika, na yakifutika mjukuu hatakuwa na ushahidi wowote. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki laini yanatosha. Na wewe mjukuu, ukitaka kukusanya vipuri, pita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kwenda kwa wauza vitu vya kale, kwa kuwa kule kichwa kizima cha shaba hupimwa kwa kilo pamoja na mabomba.

Mjukuu wa Ujiji

Nashukuru sana, babu, nawe fundi pia. Nimeosha kwa sabuni, na chini ya kifundo imejitokeza namba 14 na vistari vyake. Duara la boksi limekaa vizuri kwenye milimita 52, ilhali chemni niliyouziwa ina 40, kwa hiyo ilikusudiwa kichwa cha 10. Sitairudisha, kesho naanzia kwa wanunuzi wa chakavu, huenda kichwa chake nacho kipo.