Naomba ushauri: nitapigaje kura Maine, Marekani, bila kuharibu karatasi?

Habari zenu ndugu. Niliapishwa kuwa raia hivi karibuni, naishi Lewiston, na Novemba 2026 itakuwa kura yangu ya kwanza. Kinachonitatiza ni huku kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nimeambiwa useneta na ubunge wa Washington tunapanga, lakini gavana na wabunge wa jimbo, kila nafasi unachagua mmoja tu, maana katiba ya Maine inampa ushindi mwenye kura nyingi hata asipofika nusu. Jimbo moja, siku moja, kanuni mbili!

Na upangaji si mapambo. Mwaka 2018, kwenye ubunge wa Washington, mgombea Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza. Kura za wagombea wa chini zilipogawanywa kwa kufuata chaguo la pili au la tatu la wapiga kura, mpinzani wake Jared Golden akachukua kiti.

Sasa, mliokwisha kupiga: nikimweka mmoja tu na kuacha nafasi nyingine wazi, napoteza nini? Na mama, tuliyeapishwa naye, Kiingereza kinamsumbua. Naruhusiwa kuingia naye kumsaidia? Yeye ameshatangaza atamchagua mwenye jina fupi.