Kupanga malezi ya watoto baada ya kutengana: wazee, Ustawi au mahakama? (Kigoma na Tabora)

Mama_Mwanga
Habarini wanajamvi. Mimi na mzazi mwenzangu tumetengana, talaka bado. Watoto ni wawili, mkubwa ana miaka 11 na mdogo mitano. Mimi naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, yeye anavua dagaa Kibirizi. Hatugombani, ila kila mwezi mambo ya watoto yanaanza upya: nani anunue sare, nani akae nao likizo, lini anakuja kuwachukua. Nataka tuwe na utaratibu wa maandishi. Nimeshauriwa njia tatu: kikao cha wazee wa pande zote mbili, ofisi ya Ustawi wa Jamii, au mahakamani moja kwa moja. Mliopita huko, ipi inasimama? Halafu huenda kazi ikanihamishia Tabora. Tukishaandika, inabadilishika?

Baba Nzega
Pole dada. Sisi tulimalizana kwa wazee. Hakukuwa na gharama, na mpaka leo mtoto akiumwa bibi yake upande wa mama ananipigia simu. Hilo mahakama haikupi. Lakini wazee walisema "baba atatoa matumizi" na "likizo waende kwa baba" wakafunga kikao. Matumizi kiasi gani? Likizo ya Juni au ya Desemba? Hakuna aliyeandika. Mwenzangu alipoolewa kwingine, kila mzee akawa na maelezo yake, na aliyeongoza kikao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wazee waite, ila hakikisha kuna anayeandika na wote mnasaini.

Msaidizi wa Sheria, Kasulu
Mama Mwanga, kwanza nikuondolee hofu. Kutokuwa na talaka hakukuzuii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba kukaa na mtoto, kumtembelea, au kupata matunzo yake, hata kama wazazi hawakufunga ndoa kabisa. Ile hati ya baraza la usuluhishi, la kata au la BAKWATA, inadaiwa mtu anapofungua shauri la talaka. Wengi wanarudishwa nyumbani na majirani kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Ustawi ni kwamba afisa anawaita wote, anawasikiliza, anaandika mlichokubaliana, mnasaini. Ukweli ni kwamba mmoja akiamua kupuuza, afisa hana nguvu ya kumlazimisha. Mtaishia mahakamani, ingawa karatasi ile itakuwa ushahidi mzuri. Amri ya mahakama ndiyo inayokazwa, yaani mtu analazimishwa kuitekeleza. Na hata ukianzia mahakamani, hakimu anaweza kumwagiza afisa ustawi achunguze mazingira ya watoto alete taarifa, kwa hiyo ofisi ile huikwepi.

Kuhusu mdogo: kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama. Si haki isiyogusika. Baba anaweza kuleta ushahidi kupinga. Hakimu anapima pia madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Huyo wa miaka 11 anaweza kuulizwa anachotaka. Ustawi wa mtoto ndio unaotangulia yote.

Kwa kuwa hamgombani, mimi ningeandika Ustawi, kisha mwende mahakamani wote wawili mkiwa mmekubaliana, hakimu ayaingize makubaliano yenu kuwa amri. Haichukui mvutano wa kesi ya kupingana.

Mkulima wa Urambo
Naunga mkono, ila angalieni kipengele cha pesa. Mimi amri ya kwanza iliniwekea kiasi kikubwa cha kila mwezi kana kwamba nina mshahara. Tumbaku inalipa baada ya soko! Katikati ya msimu nikawa nadaiwa, na mama watoto anadhani namkomoa. Nikarudi mahakamani na karatasi za malipo za chama chetu cha msingi. Ikabadilishwa: kiasi kidogo kila mwezi, halafu soko likilipa natoa mahindi, ada na sare kwa mkupuo. Sasa hatudaiani.

Mzazi mwenzako ni mtu wa dagaa. Siku za giza anaingiza, za mbalamwezi mtumbwi uko ufukweni. Na mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Andikeni kabisa ikitokea hivyo atatoa nini.

Msaidizi wa Sheria, Kasulu
Mkulima amefanya sawasawa. Kifungu cha 133 cha hiyo Sheria ya Ndoa kinaruhusu amri kubadilishwa hali ikibadilika kwa uzito, au ikigundulika ilitolewa kwa maelezo ya uongo. Kinachofuata, cha 134, kinagusa makubaliano ya wazazi: hata mkiandika "hayabadilishwi milele", mahakama inaweza kuyabadilisha kwa faida ya mtoto. Uhamisho wa Tabora ni sababu halali, lakini omba mabadiliko kabla hujapakia mizigo. Msibadilishane kwa simu tu. Na fedha zipite kwenye simu, muamala ubaki kama kumbukumbu.

Mama_Mwanga
Nimeandika hivi, mnipe maoni: "Shule zikifungwa Juni na Desemba, baba atawachukua watoto siku ya pili. Atawarudisha siku tatu kabla ya kufunguliwa. Mama akihamia Tabora, nauli ya treni ya kwenda Kigoma ni ya baba, ya kurudi ni ya mama, na watoto hawasafiri bila mtu mzima."

Baba Nzega
Safi. Ongeza Idi, na nani anashika kadi ya bima na vyeti vya kuzaliwa.

Msaidizi wa Sheria, Kasulu
Ongeza pia kwamba hakuna anayewavusha watoto kwenda Burundi wala Kongo bila ridhaa ya maandishi ya mwenzake. Kwa mtu wa ziwani ni rahisi kusahau kuwa kule ni nchi nyingine.

Mama_Mwanga
Ahsanteni sana. Amekubali twende Ustawi Jumatatu. Watoto niende nao?

Msaidizi wa Sheria, Kasulu
Waache shuleni. Beba vyeti vyao vya kuzaliwa na hiyo rasimu. Afisa akitaka kumsikia mkubwa atapanga siku yake.