Muswada wa sekta ya maji: masharti ya mpito yaandikweje?

Rasimu_ya_Tatu:
Wakuu, salaam. Nauliza wanaofuatilia sheria za maji. Nchi inataka kuziondoa idara za maji kwenye halmashauri na kuunda mamlaka chache za kikanda. Kwenye miswada ya aina hii, sehemu za malengo, bodi na waziri huwa zimenyooka. Kasheshe iko nyuma, kwenye masharti ya mpito, yaani vifungu vya kuhamisha mali, madeni na watumishi kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Je, inatosha kuandika "mali na madeni yote yatahamia kwa mamlaka mpya"? Na mdhibiti, yaani msimamizi wa bei na vibali, akae ndani ya mamlaka au nje?

Kifungu_Kidogo:
Haitoshi, mkuu. Msajili wa ardhi hawezi kubadili jina kwenye hati kwa sentensi ya jumla. Anataka namba ya kiwanja. Mpe waziri uwezo wa kutoa cheti cha uhamisho kinachotaja kila mali, kisha tamka kwamba cheti hicho ni ushahidi tosha kwa msajili na hakitozwi ada wala ushuru wa stempu.

Na kabla ya cheti kuna daftari la mali. Kwa kila skimu (mradi wa maji) andika: chanzo na namba ya kibali cha kutumia maji, kina cha kisima na uwezo wake kwa saa, pampu, ujazo wa tangi, urefu, kipenyo na aina ya bomba, mwaka wa ujenzi, na haki ya njia pale bomba linapopita shamba la mtu. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Mwenye shamba akijenga juu ya bomba, mamlaka mpya itaonyesha karatasi gani?

Usisahau pia kesi zilizoko mahakamani na bili ambazo wateja hawajalipa. Sheria isiposema wazi kwamba haki ya kudai imehama, mdaiwa mjanja atajibu kuwa hana mkataba na nyie.

Bomba_Kuu:
Kwenye madeni mimi ningekuwa mkali zaidi. Usiyahamishe kwa mkupuo. Yagawe: mkopo uliojenga skimu inayofanya kazi ufuate skimu, malimbikizo ya mishahara na michango ya pensheni yabaki hazina. Mamlaka ikizaliwa na deni ambalo makusanyo yake hayawezi kulibeba, itaanza kwa kuomba kupandisha bei, na wananchi wataichukia kabla haijatengeneza hata bomba moja. Uingereza kabla ya kuuza mamlaka zake za maji mwaka 1989 ilifuta madeni ya takriban pauni bilioni 5, maana hakuna ambaye angezinunua vile zilivyokuwa.

Kenya ni somo jingine. Sheria ya 2002 iliweka mali na mikopo kwa bodi za huduma za maji, uendeshaji ukawa wa kampuni za maji. Katiba ya 2010 ikaipa kaunti kazi ya huduma za maji. Sheria ya 2016 ikageuza bodi kuwa wakala wa ujenzi wa miundombinu, na mradi ukikamilika unakabidhiwa kwa makubaliano. Hapo lazima lijibiwe swali la nani analipa mkopo wa mradi huo. Muswada wako ujibu swali hilo humohumo, usiliachie mazungumzo ya baadaye.

Mto_na_Bonde:
Mdhibiti akae nje, bila mjadala. Sheria ya 1973 ya Uingereza na Wales iliunda mamlaka 10 zilizofuata mabonde ya mito, zikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Kufuata mabonde lilikuwa wazo zuri sana. Kosa ni kwamba mamlaka hiyohiyo ilimiliki mitambo ya majitaka inayomwaga mtoni na ilikuwa na jukumu la kuulinda mto. Mwaka 1989 ikabidi vitenganishwe: mito ikaenda National Rivers Authority (mamlaka ya taifa ya mito), bei zikaenda Ofwat, mdhibiti wa huduma za maji.

Tanzania imetenganisha tangu mapema. Vibali vya kutumia maji ni vya bodi za mabonde 9 chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, na bei za mamlaka za maji ni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Vijijini, RUWASA (wakala wa maji vijijini) inajenga miradi na papo hapo inasimamia vyombo vya jamii vinavyoiendesha. Mseto huo mimi siupendi, ingawa naelewa kwa nini: mdhibiti wa kitaifa hawezi kufuatilia maelfu ya skimu ndogo.

Rasimu_ya_Tatu:
Ahsanteni. Na tarehe ya kuanza? Sheria yote siku moja?

Kifungu_Kidogo:
Hapana. Vifungu vya kuunda mamlaka, bodi na mtendaji mkuu vianze kwanza, ili awepo mtu wa kupokea. Uhamisho wenyewe uangukie siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. RUWASA ilianza Julai 1, 2019 kwa mtindo huo: kasma za bajeti zinabadilika siku moja na watumishi, kwa hiyo mshahara haupotei katikati. Kwa watumishi andika kwamba utumishi wao hauhesabiwi kukatika, vinginevyo kila mmoja atadai kiinua mgongo.

Ongeza kifungu kimoja cha akaunti za umeme. Mita za pampu zimesajiliwa kwa jina la halmashauri, zingine zina malimbikizo. Zisomwe siku ya makabidhiano na pande zote mbili zisaini, la sivyo shirika la umeme litakata na visima vitalala.