Fundi wa betri mnayemjua wote amenirudisha gatini nikivutwa kwa kamba!!

Nimeshuka sasa hivi, nguo bado mbichi, na sitalala na hili moyoni. Jina simtaji. Mnamjua. Kila mwenye boti humu ameshapita mikononi mwake, na betri zenu ziko kaburini.

Jana nilimwambia, fundi, stata ya kuwashia injini inavuta kivivu, naona betri inakufa. Akatoa mita, akagusisha vichwani, ikasoma volti 12.6, akafunga kifuniko. "Nzima hii." Basi! Hata taa moja hakuwasha! Betri iliyopumzika inaweza kukuonyesha 12.6 hata kama iko mahututi. Ipe mzigo wa stata uone inavyoporomoka chini ya 9. Hilo hata samaki wanalijua.

Sasa tuko mbali, injini tumezima, mishipi iko majini. Taa zinakula chaji, mashine ya kuonyesha samaki inakula chaji, pampu ya kutoa maji inakula chaji. Nageuza ufunguo: tik. Tena: tik. Pampu ikanyamaza, maji yanapanda miguuni, na redio ya kuombea msaada inategemea betri hiyohiyo! Tulipunga mashati mpaka mikono ikataka kung'oka, ndipo boti nyingine ikatuona.

Tunafika gatini tunaburutwa, watu wamejaa, na yeye yupo. Mnajua alisema nini? "Kwani ulikwenda kuvua samaki au kuvua umeme?"

KUVUA UMEME! Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Betri ningesamehe. Kamba ningesamehe. Lakini kuvua umeme, mbele ya vijana wangu wa kazi?

Mkia wa Papa: Pole mkuu. Umeme ulipata kilo ngapi? 😂😂

Nahodha Mstaafu: Kijana, huko mbali unakwendaje na betri moja? Stata iwe na yake, taa na pampu ziwe na yake, katikati swichi ya kuzitenganisha.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Betri ziko MBILI. Ni yeye aliyeziunganisha moja kwa moja, akasema swichi ni urembo! Zikafa zote kwa pamoja. Halafu leo ananiambia kuvua umeme!

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Kama ni hivyo, huyo si fundi.

Chumvi Nyingi: Mimi aliniongezea maji ya kisima kwenye betri, eti maji ni maji. Vichwa vimeota ukungu wa kijani, namwonyesha, anasema ni rangi ya kiwandani.

Mkia wa Papa: Mleta uzi povu lote hili kwa sentensi moja? Mwenzio kachekesha, cheka na wewe.

Mleta uzi: Ungekuwa wewe umesimama kwenye maji ya magoti usingecheka!

Dada Tanga la Juu: Magoti? Juu umesema miguuni. Maji yanapanda na uzi 😂

Kasia Mbili: Afadhali nyie na betri. Yule muuza mafuta mbona hamumsemi? Nusu ya dumu ni maji!

Chumvi Nyingi: Huyo!! Alinimaliza huyo. Injini ilikohoa njia nzima, nikafungua chujio, maji yametulia chini unaweza kunawa uso.

Kasia Mbili: Na ukimrudia anaapa kwa mama yake.

Dada Tanga la Juu: Si ndiye shemeji yake fundi wa betri?

Chumvi Nyingi: Weeee! Kumbe ni ukoo!

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunaongelea KUVUA UMEME.

Kasia Mbili: Subiri kidogo mkuu. Chumvi, ulipomrudishia dumu alikuambiaje?

Chumvi Nyingi: Eti nilikuwa sijalitikisa.