Kaboni ya kuchujia maji ikichoka, tunaweza kuifufua wenyewe?

Kisima_Tegeta
Wakuu, salaam. Mtambo wetu wa maji ya chupa unapitisha mita za ujazo 5 kwa saa. Kabla ya RO (utando laini unaochuja chumvi kwa shinikizo) kuna matangi mawili yanayofuatana, kipenyo sentimita 90, kila moja lina kilo 300 za kaboni ya vifuu vya nazi, chembe za 8×30 (zinapita chekeche namba 8, zinabaki kwenye namba 30). Klorini inaingia 0.5 mg/l, tangi la kwanza linatoa 0.3, la pili bado sifuri. Bosi anataka tuichome kwenye pipa tuirudishe. Pia kuna magunia ya kaboni ya kuondoa harufu kwenye pampu ya majitaka, anauliza kama yachomwe pamoja.

MkemiaMoro
Kwa pipa, hapana. Kwenye nyuzi 100 kaboni inakauka tu. Kati ya 200 na 500 uchafu ulionaswa unatoka au unavunjika, na mabaki yake yanaganda kama masizi ndani ya vitundu. Masizi hayo huondolewa na mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 900, hewa ikiwa imezuiwa kabisa. Ndani ya pipa hewa inapenya: za pembeni zinakuwa majivu, za katikati zinabaki mbichi. Hata tanuri lenyewe hupoteza asilimia 5 hadi 15 kila mzunguko, na pengo hujazwa kwa kaboni mpya.

Maji yakiwa na chokaa nyingi, kaboni huoshwa kwanza kwa asidi ya hidrokloriki na kusuuzwa. Kalsiamu ikibaki, mvuke unakula kuta za vitundu, vidogo vinapanuka na namba ya iodini (kipimo cha uwezo wa kaboni kunasa uchafu) inashuka. Mpya huwa karibu na 1000.

Halafu klorini hainaswi kama harufu. Inamenyuka na kaboni na kuila polepole, kwa hiyo hata maji ya moto hayarudishi kitu.

Tanuri_Geita
Kuna mtu atawaambia mpeleke mgodini, maana migodi ya dhahabu ina matanuri ya kufufua kaboni, nyuzi 650 hadi 750. Msithubutu. Humo hupita kaboni iliyotoka kwenye sianidi, pengine na zebaki, na yenu ni ya maji ya kunywa.

Magunia ya majitaka yatengeni leo hii. Kaboni ya gesi inayonuka mayai viza mara nyingi imelowekwa kostiki soda, hivyo inashika moto kwa joto dogo kuliko ya kawaida, na salfa iliyomo ikiungua inatoa moshi unaokaba koo. Muulizeni aliyewauzia kama anaipokea. La sivyo ishughulikiwe kama taka hatarishi.

FundiFilta
Mbona mnakimbilia tanuri? Mnaiosha vipi? Kipenyo cha sentimita 90 ni eneo la mita za mraba 0.64. Chembe za 8×30 zinataka maji yapande kwa takriban mita 30 kwa saa ndipo zinyanyuke asilimia 20 hadi 30, yaani mita za ujazo 19 kwa saa. Mkitumia pampu ileile ya 5 mnapata mita 8 kwa saa, kaboni haitikisiki, maji yanachimba njia zake na kupita bila kuguswa. Leteni pampu inayotosha, mfungue polepole, dakika 10 hadi 15 mpaka maji yatoke meupe.

Baadaye chukueni sampuli juu, katikati na chini. Asiingie mtu tangini! Kaboni iliyolowa inanyonya oksijeni ya hewa, na mtu anaanguka bila kunusa chochote. Tumieni bomba refu lenye mfuniko chini.

Kisima_Tegeta
Kweli, tulikuwa tunaosha kwa pampu ya 5. Tumekodi kubwa, sasa tangi la kwanza linatoa 0.15. Sampuli: sentimita 20 za juu zinasagika vidoleni kama uji mweusi, chini chembe ni ngumu.

FundiFilta
Huo uji ndio ulioliwa na klorini. Utoeni, ni kama kilo 60 kavu, ukilowa unakaribia maradufu. Jazeni mpya kiasi hicho. Ilowekeni usiku kucha kwanza, la sivyo itaelea na kukimbilia mferejini. Kisha badilisheni valvu: tangi la pili litangulie, hili lifuate. Pimeni klorini kati ya matangi kila wiki, na RO isionje zaidi ya 0.1.